Ushahidi upi wa Kisanskriti uutumie kutafuta asili ya watu? Rigveda, Brahmana, Mahabharata na maandishi ya mawe

Kitabu cha 5 cha Rigveda, mkusanyo wa kale kabisa wa nyimbo takatifu za India, wimbo wa 29, ubeti wa 10, kina neno moja fupi: anās. Mshairi analitumia kuwaeleza Wadasyu, maadui wa watu wake. Ukiligawa a-nās, maana yake ni wasio na pua. Ukiligawa an-ās, ni wasio na kinywa, yaani watu ambao kusema kwao si kusema. Sayana, mfafanuzi mkubwa wa Veda aliyeandika kusini mwa India katika karne ya 14, alilisoma kwa njia ya pili. Baadhi ya wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 walishika ile ya kwanza, na juu ya pua hiyo moja ikajengwa hadithi nzima ya Waarya (ndivyo washairi hao walivyowaita watu wao) weupe wenye pua iliyochongoka waliowatiisha watu weusi wenye pua bapa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua fikra za namna hiyo zinakoishia. Katika karne hiyohiyo, mwaka 1863, John Hanning Speke alichapisha dai kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu ni uzao wa wavamizi kutoka Uhabeshi. Wakoloni walilipokea dai hilo, wakalifundisha, wakalijengea utawala, na likarudi midomoni mwa waliochochea mauaji ya Rwanda mwaka 1994. Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito swali la andiko gani litumike kueleza nani alitoka wapi, na litumike kwa jambo gani.

Kwa India ya kale, mbele yako kuna mafungu manne ya Kisanskriti: Rigveda; Brahmana na Sutra zilizoifuata, yaani vitabu vya makuhani kuhusu ibada; Mahabharata, utenzi mkubwa wa vita, pamoja na Purana, vitabu vya visa vya kale na nasaba; na maandishi yaliyochongwa kwenye mawe. Yanatofautiana umri, namna yalivyohifadhiwa, na hasa jambo ambalo kila moja linaweza kuliapia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: andiko huaminika zaidi pale linapotaja jambo kwa kupitia tu kuliko pale linapokaa kitako kutusimulia asili ya ukoo.

Rigveda: kongwe kuliko yote, na haina tarehe hata moja

Ni nyimbo 1,028 katika vitabu 10, beti zaidi ya 10,000. Wasomi wengi wanaziweka kati ya takriban 1500 na 1000 KK. Vitabu vya 2 hadi 7 huitwa vitabu vya koo, kwa kuwa kila kimoja kinahusishwa na ukoo mmoja wa makuhani washairi, na ndivyo vya kale zaidi. Cha 10 kilikuja mwisho. Mtu akikunukulia Rigveda bila kukutajia kitabu, muulize kwanza ni cha ngapi, kwa sababu kati ya cha 6 na cha 10 huenda zimepita karne kadhaa.

Watu huuliza: andiko la miaka 3,000 linaaminika vipi, ilhali katika nakala 30 za mkono zinazotunzwa Pune, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 2007, ya zamani kabisa ni ya mwaka 1464? Jibu liko kinywani. Mwanafunzi wa Veda hukariri ubeti neno moja moja. Kisha huukariri kwa jozi: la kwanza na la pili, la pili na la tatu. Kisha kwa kwenda na kurudi: la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza na la pili tena, ndipo asogee mbele. Upo na mfumo mgumu zaidi, ghana, unaosuka maneno matatu kwenda mbele na nyuma mpaka kosa la herufi moja linagonga sikio la mwalimu. Aliyehifadhi Kurani chuoni, Lamu au Unguja, ataelewa upesi. Hata kupanda na kushuka kwa sauti, ambako Kisanskriti cha baadaye kilikupoteza, kumehifadhiwa humo. Mabadiliko yaliyoingia ni ya namna ya kuunganisha matamshi kuliko ya maneno yenyewe. Kwa hiyo tunachosikia ni kitu kinachokaribia sana sauti ya watu wale, na ni nadra kupata hazina kama hiyo popote duniani.

Sauti hiyo inatupa nini? Kwanza, ardhi. Wimbo wa 75 wa kitabu cha 10 unaiita mito kwa majina kuanzia mashariki: Ganga, Yamuna, Sarasvati, Shutudri ambao leo ni Sutlej, Parushni ambao ni Ravi, Asikni ambao ni Chenab, Vitasta ambao ni Jhelum. Halafu unageukia magharibi ya Indus: Kubha, ndio mto Kabul; Gomati, ndio Gomal; Krumu, ndio Kurram. Mshairi hakukaa kutufundisha jiografia, alikuwa akisifu maji, na hapo ndipo thamani ilipo. Chukua ramani ufuate mito hiyo kwa kidole, utaona ulimwengu wa watu hawa: kutoka mashariki mwa Afghanistan, kupitia Punjab, hadi ukingo wa bonde la Ganga.

Pili, maisha. Farasi wamejaa kila mahali, pamoja na magari mepesi ya vita yenye magurudumu ya njiti kama ya baiskeli. Miji mikubwa ya matofali ya Bonde la Indus haimo. Mpunga haumo. Kwa mtu anayeuliza kama washairi hawa ndio waliojenga Harappa na Mohenjo-daro, kimya hicho kina uzito, ingawa kimya peke yake hakifungi kesi. Magari ya namna hiyo tumeyakuta makaburini katika utamaduni wa Sintashta, kwenye nyika za kusini mwa milima ya Ural, yakiwa na umri wa takriban miaka 4,000.

Tatu, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, maneno ya kuazima. Mwanaisimu F.B.J. Kuiper alichapisha mwaka 1991 orodha ya maneno yapatayo 380 ya Rigveda ambayo hayaelekei kutoka katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, ile iliyozaa Kisanskriti na lugha nyingi za Ulaya. Angalia ni ya aina gani: lāṅgala ni plau, khala ni uwanja wa kupuria nafaka, ulūkhala ni kinu. Washairi ambao nyimbo zao zimejaa ng'ombe na farasi waliazima msamiati wa shamba. Mtu haazimi neno la plau kutoka kwa watu aliopigana nao siku moja akapita. Huliazima kwa aliyelima naye jirani, kwa mke, kwa mama wa kambo, kwa kijakazi. Hakuna ubeti unaosimulia ujirani huo, lakini maneno yameutunza.

Hata hivyo neno lililoazimwa lina mipaka yake, na sisi tunaijua kwa ndimi zetu wenyewe. Sukari yetu ilipitia Kiarabu na Kiajemi na mzizi wake ni śarkarā ya Kisanskriti. Pilipili nayo inarudi kwenye pippalī. Hatukuhama kutoka India kwa sababu tunasema sukari. Neno linathibitisha kukutana. Halisemi nani alisafiri, wala wangapi.

Udhaifu wa Rigveda ni wa aina mbili. Haina tarehe, na haina kumbukumbu ya wazi ya kuhama kutoka nchi nyingine. Anayedai kwamba inasimulia uvamizi anauongezea ushairi jambo lisilokuwamo. Anayedai kwamba kimya hicho kinathibitisha watu hawa hawakutoka popote naye anavuka mpaka, kwa sababu jamii inaweza kusahau safari ya mababu katika vizazi vichache tu. Vita vimo, kweli. Wimbo wa 18 wa kitabu cha 7 unaeleza jinsi Sudas, mfalme wa Wabharata, alivyowashinda wafalme kumi walioungana dhidi yake kwenye mto Parushni. Lakini soma pia wimbo wa 83 wa kitabu hichohicho, ubeti wa kwanza: miungu Indra na Varuna wanaombwa wawapige maadui Wadasa na maadui Waarya pia. Vita hivyo havikuwa vya kabila moja dhidi ya jingine, maana Waarya walikuwa pande zote mbili.

Onyo kubwa kuhusu kutumia vita hivi ni Mohenjo-daro. Miaka ya 1940 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler aliitazama mifupa ya watu iliyokutwa imelala ovyo katika mitaa na nyumba za mji huo, akakumbuka kwamba Indra huitwa mvunja ngome, akamshtaki Indra kwa mauaji. Ilikuwa picha yenye nguvu, ikaingia vitabuni. Mwaka 1964 George Dales akaonyesha kwamba mifupa ile haikuwa ya siku moja wala ya kizazi kimoja, na kwamba hakuna dalili za mji uliotekwa kwa vita. Miji ile ilidhoofika kuanzia mnamo 1900 KK, karne kadhaa kabla ya umri ambao wengi wanaupa Rigveda. Kosa la Wheeler lilikuwa kuuleta ubeti mbele ya mifupa ambayo bado haijapangwa kwa umri.

Kuhusu Sarasvati nitakuwa mwepesi, kwa sababu mjadala huo unakula muda wa watu bila kuwalipa. Kitabu cha 7 kinausifu kama mto utokao milimani hadi samudra, yaani bahari au mkusanyiko mkubwa wa maji. Wengine wanaulinganisha na Ghaggar-Hakra, mkondo uliokauka, na kwa hesabu ya kukauka kwake wanaisukuma Rigveda nyuma kwa miaka elfu na zaidi. Wanajiolojia wenyewe hawajakubaliana mkondo huo ulikuwa na nguvu kiasi gani na lini. Tena jina lenyewe linasafiri: katika Avesta, maandiko matakatifu ya Wairani wa kale, lipo jina Haraxvaiti, ambalo ni Sarasvati kwa matamshi ya Kiirani, nalo ni la nchi iliyoko Afghanistan. Usijenge tarehe juu ya mto ambao jina lake linahamahama.

Shahidi wa pembeni aliyekutwa Uturuki

Anayetaka tarehe ya lugha hii aiache India kidogo aende Boğazköy, Uturuki, mahali palipokuwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti. Huko Hugo Winckler alianza kuchimba mwaka 1906 akapata maelfu ya vibao vya udongo. Kimoja ni mkataba wa karne ya 14 KK kati ya mfalme wa Wahiti, Suppiluliuma, na Shattiwaza wa Mitanni, ufalme uliokuwa kaskazini mwa Syria ya leo. Kati ya miungu wanaoitwa kushuhudia wamo Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, miungu wa Rigveda.

Kingine ni mwongozo wa kufundisha farasi, ulioandikwa kwa jina la Kikkuli wa Mitanni. Humo mizunguko ya farasi huhesabiwa aika, tera, panza, satta, na. Weka kando yake eka, tri, pañca, sapta, nava za Kisanskriti: moja, tatu, tano, saba, tisa. Na hiyo aika ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu Wairani wa kale walisema aiva. Kwa hiyo kufikia wakati huo tawi la Kihindi lilikwisha kutengana na la Kiirani, na wasemaji wake, au angalau mabwana farasi wao, walikuwa wamefika magharibi hivyo. Haya si maandiko ya Kisanskriti kwa maana kamili, ila nisingemshauri mtu aitumie Rigveda bila kuwa nayo ubavuni. Ndiyo yanayoipa nanga ya wakati.

Brahmana na Sutra: hapa safari inasimuliwa

Karne kadhaa baada ya Rigveda makuhani walitunga vitabu vya kueleza maana ya ibada zao, na humo ndimo tunapokuta simulizi za kwenda mashariki. Iliyo nzuri kuliko zote imo katika Shatapatha Brahmana, kitabu cha kwanza.

Mfalme Videgha Mathava alikuwa amembeba Agni, moto, kinywani mwake. Kuhani wake Gotama Rahugana akamwita. Mfalme hakujibu, akihofu moto usimtoke. Kuhani akaanza kusoma beti za kumwita Agni, moja baada ya nyingine, na mfalme akabaki kimya. Alipofikia ubeti wenye neno samli, moto uliposikia tu jina la chakula chake ukalipuka, ukamtoka mfalme kinywani ukaanguka chini. Walikuwa kwenye mto Sarasvati. Moto ukaanza kuichoma nchi kuelekea mashariki, mfalme na kuhani wakiufuata nyuma, ukaipita mito yote, mpaka mto Sadanira ushukao kutoka milima ya kaskazini. Huo haukuuchoma. Andiko linaongeza kwamba zamani Wabrahmini hawakuvuka mto ule, ila sasa wako wengi ng'ambo yake. Nchi ilikuwa chepechepe isiyolimika, na sasa inalimika, kwa kuwa Agni ameionja kwa njia ya sadaka.

Sadanira huaminiwa kuwa Gandak ya leo, unaoingia Bihar kutoka Nepal. Tazama kilichotajwa kwa kupitia: mpaka wenye jina, nchi ya majimaji, kilimo kilichofuata, na "zamani" dhidi ya "sasa". Huo ni ushahidi bora kabisa wa kusambaa kwa ibada ya Veda kutoka eneo la Sarasvati hadi Bihar. Lakini uulize ni nani hasa anayetembea ndani ya hadithi: mfalme, kuhani na moto wa sadaka. Wakulima walikuwa wapi? Inawezekana kabisa wengi wao walikuwa huko tangu mwanzo na kilichowafikia ni ibada na lugha. Kwa hiyo ningeitumia kueleza safari ya utamaduni, na ningesita kuitumia kuhesabu watu.

Baudhayana Shrauta Sutra, sura ya 18, sehemu ya 44, ndiyo inayogombaniwa zaidi. Inasema Ayu alikwenda mashariki, na watu wake ni Wakuru-Panchala na Wakashi-Videha. Kisha yanafuata maneno pratyaṅ amāvasuḥ, na kwamba watu wa huyo ni Wagandhari, Waparshu na Waaratta. Michael Witzel, msomi wa Veda, aliyasoma kuwa kundi la pili lilibaki nyumbani huko magharibi, akitegemea kwamba jina Amavasu limebeba maana ya kukaa nyumbani. Wapinzani wake walijibu kwamba kitenzi cha sentensi ya kwanza, pravavrāja, alikwenda, kinatumika kimyakimya katika ya pili: Amavasu naye alikwenda, kuelekea magharibi. Ukisoma sentensi mbili hizo zikiwa zimepangana, usomaji wa wapinzani ndio unaokaa kwa urahisi zaidi. Hata hivyo sioni kwamba unawapa ushindi wanaodai watu walitoka India kwenda Ulaya. Gandhara ni pale karibu na Peshawar. Ni andiko la kitambo baada ya matukio, linalowapanga watu linaowajua chini ya ndugu wawili kama nasaba zinavyofanya kila mahali. Kesi nzima ya uhamaji haifai kutundikwa kwenye kitenzi kilichoachwa.

Mahabharata na Purana: yana majina mengi, tarehe zimechanganyika

Hapa ndipo wengi huanzia, kwa sababu majina ya watu ni tele: Wayavana, Wasaka, Wakamboja, Wapahlava, Wachina, Wahuna. Ningekushauri uanzie kwingine. Wasomi wa Pune walitumia miaka tangu 1919 hadi 1966 kutayarisha toleo la Mahabharata lililopimwa kwa kulinganisha nakala zaidi ya 1,200, na hata baada ya kazi hiyo walichopata ni umbo la utenzi kama lilivyokuwa karne za kwanza za BK, wala si vita vyenyewe. Wahuna waliishambulia kaskazini mwa India katika karne ya 5 BK. Wakionekana katika vita vinavyodaiwa kupiganwa enzi za mashujaa, ujue orodha inazungumzia dunia ya waliokuwa wakiisimulia.

Kama swali lako ni hilo, basi utenzi huu ni dhahabu: jinsi watu wa India walivyowaona wageni waliokuja kutoka kaskazini-magharibi. Manu, kitabu cha kale cha sheria, sura ya 10, beti za 43 na 44, kinasema Wayavana, Wasaka, Wakamboja, Wachina, hata Wadravida wa kusini mwa India, walikuwa Wakshatriya, yaani tabaka la wapiganaji, walioshuka hadhi kwa kuacha ibada. Kwa asili ya Wagiriki au Wachina ubeti huo hauna faida. Ila unaonyesha jinsi mgeni alivyotafutiwa kiti ndani ya ukoo.

Purana zina orodha za wafalme ambazo F.E. Pargiter alizikusanya mwaka 1913. Zina faida kwa nasaba za kihistoria kama Wasatavahana, ambao sarafu na maandishi yao yapo kulinganisha. Kasoro yake inayojulikana ni kuwapanga kwa kufuatana wafalme waliotawala wakati mmoja mahali tofauti, na hivyo miaka inarefuka isivyostahili.

Wasomaji wa pwani wana mfano wa karibu. Tarikh ya Kilwa inasimulia mwana wa mfalme wa Shiraz aliyekuja na ndugu zake kwa majahazi. Kwa miongo mingi wanahistoria waliichukua kama nasaba ya kujipatia heshima tu. Mwaka 2023 ukachapishwa uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa zama za kati na karne zilizofuata kutoka pwani yetu na jirani zake, ukionyesha damu ya Kiajemi iliyoingia zaidi kwa upande wa kiumeni kuanzia takriban mwaka 1000, na ya Kiafrika zaidi kwa upande wa kikeni. Simulizi ilikuwa na punje ya ukweli, na papo hapo ilikuwa imewafuta bibi zetu. Nasaba za Purana nazisoma nikilikumbuka hilo: huenda zimehifadhi kitu, na bila shaka zimeacha watu nje.

Mawe: machache, mafupi, na yenye mwaka

Maandishi ya Kisanskriti kwenye mawe yanaanza kwa uzito katika karne za kwanza za BK, kwa hiyo hayatasaidia chochote kuhusu 1500 KK. Kwa uhamaji wa baadaye, hayana mpinzani. La kwanza refu ni la Junagadh, Gujarat, la takriban mwaka 150 BK, nalo ni la mfalme Rudradaman, Msaka, wa ukoo uliotoka Asia ya Kati. Wageni ndio walioandika Kisanskriti fasaha kabla ya wafalme wengi wenyeji. Jiwe hilo linasimulia ukarabati wa bwawa, na linamtaja mfalme Myavana aitwaye Tushaspha, jina la Kiirani, wa siku za Ashoka, mtawala mkuu wa India wa karne ya 3 KK. Yavana, neno lililotokana na Wagiriki wa Ionia, lilikuwa tayari limepanuka. Kila ukilikuta katika Mahabharata, mkumbuke Tushaspha kabla ya kutafsiri "Mgiriki".

Linalonigusa zaidi ni la Mandasor, Madhya Pradesh. Chama cha wafumaji wa hariri kiliondoka Lata, kusini mwa Gujarat, pamoja na watoto na jamaa zao, bila kujali taabu za njia, kikahamia Dashapura kwa kuvutiwa na wema wa nchi na wafalme wake. Mwaka 436 au 437 BK wakajenga hekalu la jua, na mwaka 473 likakarabatiwa, ndipo mshairi Vatsabhatti akaandika habari zao. Anasema baadhi yao walijifunza upinde, wengine unajimu, wengine vita, wengine wakabaki na ufumaji na kuutia makali. Halafu anasifu bidhaa: mwanamke awe na ujana, awe na mkufu wa dhahabu, tambuu na maua, haendi kwa mpenzi wake mpaka avae vitambaa viwili vya hariri. Neno alilotumia ni tāmbūla, na wewe unalisema tambuu mpaka leo. Hawa ni wahamiaji wenye sauti yao, wenye mahali walikotoka, walikofika, sababu na mwaka. Katika maandiko yote niliyoyataja sijaona uhamaji unaoshuhudiwa kwa ukamilifu namna hii.

Na kwa anayedhani Kisanskriti kikionekana mahali basi watu wake walihamia hapo, yako mawe saba ya Kutai, mashariki mwa Kalimantan, Indonesia, ya mnamo mwaka 400 BK. Mfalme Mulavarman anajitaja kuwa mwana wa Ashvavarman, mwana wa Kundunga. Mjukuu na mwana wana majina ya Kisanskriti. Babu ana jina la kwao.

Uchague lipi

Ukiuliza kuhusu lugha, mazingira na majirani wa watu wa Veda, shika vitabu vya 2 hadi 7 vya Rigveda pamoja na vibao vya Mitanni. Ukiuliza jinsi dini na lugha vilivyofika bonde la Ganga, shika Shatapatha. Ukiuliza wageni walionekanaje, shika Mahabharata na Manu. Ukiuliza nani alihama lini, nenda kwenye jiwe. Na ukiuliza kuhusu damu, hakuna andiko litakalokujibu: uchunguzi wa mwaka 2019 wa watu wa kale 523 ulionyesha kwamba damu ya watu wa nyika iliingia Asia Kusini katika nusu ya kwanza ya milenia ya pili KK, na mwanamke wa Rakhigarhi, wa zama za miji ya Indus, hakuwa nayo. Mifupa hiyo haitamki neno. Kuiunganisha na Rigveda kunaingia akilini, na mimi nakukubali, lakini ni hitimisho la mwenye kuunganisha.

Jambo la mwisho ni tafsiri, kwa kuwa wengi wetu tutaisoma Rigveda kwa Kiingereza. Ya Ralph Griffith, iliyotoka mwishoni mwa karne ya 19, inapatikana bure na ndiyo inayonakiliwa kila mahali. Ya Stephanie Jamison na Joel Brereton, mijaladi mitatu ya mwaka 2014, ni ghali lakini imebeba karne nzima ya utafiti, na kama maktaba ya chuo inayo, itumie hiyo. Kabla ya kuamini tafsiri yoyote, ifungue penye 5.29.10. Griffith ameandika wasio na pua. Kisha soma nusu ya pili ya ubeti huohuo, ambako Wadasyu haohao wanaitwa mṛdhravācaḥ, watu wa maneno ya uadui. Mshairi alikuwa akizungumzia vinywa. Na neno hilohilo linarudi katika 7.18.13, safari hii akitukanwa Puru, Mwarya mwenzao.